Vibuyu vya kuchora: mbona rangi inabanduka na cha kuchoma kwa waya kinabaki?

#1 DadaKilua (Malindi)
Salaam wana jukwaa. Nachora vibuyu hapa Malindi: maua ya mkilua, asumini, majani ya mkoko, kasa, samaki wa miambani. Vikubwa natengeneza taa, vidogo ni vya kuning'iniza. Nina aina mbili, vya rangi na vya kuchoma kwa waya moto. Vya kuchoma havina neno. Vya rangi vikipitiwa na masika tu, rangi inafanya malengelenge, ukiigusa inatoka kama ganda la kitunguu. Vingine vinatoa madoa meusi chini ya vanishi. Vibuyu vinatoka shamba moja karibu na Gede, rangi ni ile ile, mkono ni wangu mwenyewe.

Mzee anayenilimia anashikilia kuwa ni mwezi, eti kibuyu kikikatwa mwezi mchanga hakishiki kitu. Jirani anasema ni chumvi ya bahari. Mimi nashuku vanishi. Nani ana jibu? Na tafadhali asije mtu kuniambia nihamie kwenye shanga.

#2 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Hamia kwenye shanga.

#3 FundiMsasa (Malindi)
@DadaKilua swali moja kabla ya yote: ule utando wa juu unautoa? Siongelei ukungu. Kibuyu kikikauka kinabaki na kingozi chembamba, laini, chenye nta. Ukipaka juu yake, rangi imeshika kingozi lakini kingozi hakijashika kibuyu. Kiloweke usiku kucha, ukigandamize kwa gunia na jiwe maana kitaelea, asubuhi ukiparuze kwa kisu butu mpaka uone ganda lenyewe, lile la rangi ya mbao kavu. Kisha msasa laini, kikauke tena, ndipo upake. Waya moto haujali kingozi, unakipita na kuingia kwenye ganda. Ndiyo sababu vya kuchoma vinakaa.

#4 DadaKilua
Ahsante fundi. Utando nautoa, kwa waya wa kusugulia masufuria, tena kwa maji. Halafu kama ni utando, shingoni ndiko pangebanduka kwanza kwa kuwa ndiko kugumu kufika. Vyangu vinaanzia tumboni.

#5 Mwl_Mstaafu (Watamu)
Basi tazama ndani. Ganda la kibuyu linavuta unyevu na kuutoa, halilali. Vile vya kuning'iniza hujavipasua, sivyo? Mbegu na utumbo wake bado vimo. Masika hewa yetu imejaa maji, ganda linayanywa kupitia kwenye kikonyo na popote ambapo vanishi haikufika. Jua likirudi yale maji yanataka kutoka, nje umeziba, basi yanainua rangi. Tumboni ndiko eneo pana na ndiko kunapigwa na jua. Madoa meusi ni ukungu uliokuwa umejificha ndani ya ganda tangu kukauka, umepata maji umeamka.

Fanya hivi: chukua viwili vinavyolingana, kimoja kitoboe kitundu kidogo kitakoni, kingine kiache. Vipake siku moja, vitundike mahali pamoja mpaka masika ijayo.

#6 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Mwalimu hata astaafu vipi, lazima atoe zoezi la nyumbani.

#7 DadaKilua
@Mwl_Mstaafu shikamoo mwalimu. Sasa nieleze taa. Taa nimezipasua chini, nimezikwangua ndani, nimezitoboa matundu mwili mzima ili mwanga upite. Hazina pa kuficha maji. Na ndizo zinazobanduka vibaya zaidi.

#8 Mwl_Mstaafu
Marahaba. Balbu ni ya aina gani? Kama ni ile ya zamani yenye waya ndani, joto lake linatosha kupasua rangi. Na kando ya kila tundu uliacha ganda bichi bila vanishi, pale unyevu unaingia kwa mamia ya milango. Kwa hiyo maelezo yangu bado yamesimama.

#9 FundiMsasa
Yamesimama kwa mguu mmoja. Vikiwa vizima unasema maji yamekosa mlango, vikitobolewa unasema milango imezidi.

#10 Mgema_Mstaafu (Ganze)
Mnampita yule mzee kama hakusema kitu. Huku kwetu mti haukatwi ovyo. Boriti, fito, hata makuti, wazee huangalia mwezi kwanza, maana mwezi mchanga mti umejaa maji na bungua huingia. Kibuyu nacho ni mmea. Nimegema miaka mingi, na mboko, vile vibuyu vya mgema tulivyotilia uchi, yaani tembo la mnazi, tulizirithi kwa wazazi. Zilikuwa nyeusi kwa moshi, zina ufa uliotiwa uzi, lakini hazikuoza. Sasa hivi mnazi unauzwa kwenye chupa za plastiki, halafu mtu anashangaa ladha imekwenda wapi.

#11 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Mgema akisifiwa...

#12 Mgema_Mstaafu
Malizia basi. Sikulitia maji hata siku moja, na wateja wangu wako humu humu, wakanushe.

#13 FundiMsasa
Mzee wangu, mimi siamini mwezi ila naamini subira. Aliyengoja mwezi fulani alikuwa anangoja na kibuyu kikomae. Leo mkulima anaona mnunuzi amekuja na fedha mkononi, anakata kibuyu kikiwa bado kijani na kikonyo kibichi. Kibuyu cha kuchora kinatakiwa kikae kwenye mtambaa mpaka kikonyo kiwe kikavu na cha hudhurungi, kikatwe pamoja na kikonyo, kitundikwe penye upepo na kivuli. Kikubwa kinaweza kuchukua miezi hata sita. Ukikitikisa mbegu zinalia, kipo tayari. Kikikatwa kichanga ganda huwa jembamba, linajikunja likikauka, na kitu kinachojikunja kinaiacha rangi. Wazee walitumia mwezi kama kalenda tu.

#14 Mgema_Mstaafu
Mbegu za kibuyu kichanga pia hulia. Nimekata vingi vikalia vizuri na bado vikaoza. Wewe ni fundi wa mbao, mwanangu, kibuyu hukukilea.

#15 Bara_Pwani (asili Kitui, sasa Malindi)
Samahani kuingilia ndoa ya watu. Tatizo ni kibuyu chenyewe. Vibuyu vya pwani ni laini. Njoo uone vya Ukambani: jua kali, mvua chache, ganda nene mpaka unachonga kwa patasi bila wasiwasi. Kwetu kina mama wanakichonga michoro, wanakipaka mafuta na kukitumia mpaka kinang'aa chenyewe. Vanishi ya nini? Na Wakalenjin nao, kabla ya kutia mursik, maziwa yao ya mgando, wanasugua ndani kwa makaa ya mti wa senetwet. Hakuna ukungu utakaothubutu. Kwa kawaida vibuyu vyenye historia ndefu vimetiwa moshi au mafuta, havikupakwa rangi ya kopo.

#16 Amu_Mkomani (Lamu)
Hapo umesema. Yeo nina kazi ila siwezi kupita. Hapa Amu zibuyu hazikuwa zitu za mapambo sana hapo kae, mapambo yalikuwa ya mbao na chokaa. Ila dawa ya unyevu tunayo: sifa. Mafuta ya papa tunayopaka madau. Mbao inakaa baharini miaka na haiozi, seuze kibuyu kilichotundikwa barazani.

#17 DadaKilua
Jamani! Nani atanunua taa ya chumbani inayonuka papa?

#18 Amu_Mkomani
Mtu wa Amu atanunua na kulala salama. Umenitekesha.

#19 KarafuuMaiti
Mimi nashangaa tunavyokifanya kibuyu kitu cha asili yetu. Si kililetwa na Wareno kutoka Amerika, pamoja na mahindi, mihogo na korosho?

#20 Mwl_Mstaafu
Hapana. Mahindi, mihogo na mikorosho ndiyo, vimetoka huko. Kibuyu ni cha Afrika, mmea unaoitwa kitaalamu Lagenaria siceraria. Ajabu ni kwamba Amerika nako kilikuwako maelfu ya miaka kabla ya Wareno. Huaca Prieta, pwani ya Peru, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vibuyu vidogo viwili vilivyochongwa nyuso, vina umri wa takriban miaka 4000. Kilifikaje? Mwaka 2005 wataalamu wa vinasaba walisema kilitoka Asia, kimebebwa na watu. Mwaka 2014 wengine wakapima tena, wakasema vile vya kale vya Amerika vinafanana na vya Afrika, na kwamba vilielea vyenyewe kuvuka Bahari ya Atlantiki. Kibuyu kikavu kinaweza kukaa majini miezi na mbegu zikabaki hai.

#21 KarafuuMaiti
Ahsante mwalimu. Kwa hiyo kibuyu kimevuka bahari bila vanishi na bila kuoza, cha Dada Kilua kinashindwa na masika ya Malindi.

#22 FundiMsasa
Kimevuka na kingozi chake. Kile kile chenye nta. Ndicho ninachosema tangu #3: utando unazuia maji. Ukiutoa rangi inashika ila maji yanaingia, ukiuacha maji hayaingii ila rangi haishiki. Chagua.

#23 Simsim_Shela
Nimefuatilia kimya, naomba niingie. Huko Hawaii wana vibuyu wanaviita ipu, hata ngoma za hula zinapigwa kwa viwili vilivyounganishwa. Kisiwa cha Niʻihau kilikuwa na ufundi wake: kibuyu kikiwa kibichi, kingozi kinakwaruzwa kwa kufuata mchoro, halafu ndani wanajaza maji ya rangi ya mimea na kukiacha. Rangi inapenya ganda na mchoro unajitokeza nje. Baadaye kinakaushwa. Hakuna tabaka juu, kwa hiyo hakuna cha kubanduka.

Nikajiuliza, mbona sisi tuna mdaa wa kutia ukili weusi, tuna magome ya mkoko, tuna manjano, tuna hina? Kina dada wa hina na piko hapa Shela wanachora maua kwenye mguu wa bi harusi kwa mkono mmoja bila kufuta. Mpe mmoja kibuyu uone.

#24 DadaKilua
@Simsim_Shela umenigusa. Michoro yangu mingi nimeitoa kwenye hina, mama yangu alikuwa mchoraji. Hina yenyewe niliijaribu juu ya kibuyu. Inatoka nzuri, rangi ya kahawa, ila jua linaifuta. Manjano ndiyo mabaya kabisa, hayafiki Ijumaa. Hilo la kujaza ndani kikiwa kibichi sijawahi kulisikia.

#25 Bara_Pwani
Sasa mnataka kukata kibuyu kibichi? @FundiMsasa atalazwa.

#26 FundiMsasa
Nimekaa chini.

#27 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Mimi nina jambo la maana kwa mara ya kwanza. Kwa nini msibandike vipande vya ng'amba badala ya rangi? Babu yangu alikuwa na sanduku lenye ng'amba, linang'aa mpaka leo.

#28 Mwl_Mstaafu
Na wewe utang'aa rumande. Ng'amba ni gamba la kasa, na kasa wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Kuuza kitu cha kasa, hata kipande cha pete, ni kosa. Sanduku la babu liache lilipo.

#29 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Narudi kwenye mzaha.

#30 DadaKilua
Tukiwa tunangoja majibu, niulize jingine. Kuna mwenye duka la zawadi ameniletea picha za kuiga, anataka "mambo ya tropiki": ndege tukani mwenye mdomo mkubwa, jani lile lenye matundu, nanasi. Analipa vizuri kuliko wanaonunua mkilua wangu. Moyo unakataa, mfuko unakubali.

#31 Simsim_Shela
Tukani hayupo Afrika hata mmoja! Ni wa Amerika ya Kusini na ya Kati. Jani lenye matundu, monstera, asili yake ni Meksiko na majirani zake. Mpe hondohondo, ana mdomo mkubwa vile vile na yupo hapa hapa.

#32 KarafuuMaiti
Twende taratibu na "yetu" na "yao". Bogenvilia iliyofunika kuta zote za Malindi imetoka Brazil. Mkorosho, tumeshaambiwa. Mwembe wa Asia. Hata mnazi, wenyewe wanasema umetoka upande wa Asia. Tukifuta vyote hivyo atabaki na mbuyu na mkoko tu.

#33 Simsim_Shela
Na kilua. Na hondohondo. Hoja yangu ni kwamba bogenvilia anaiona kila asubuhi mlangoni, tukani hajawahi kumwona. Mkono unajua tofauti. Nimeona vibuyu vya tukani vikiuzwa ufukweni, wote wanafanana kama wametoka kiwandani, na mnunuzi akifika kwao anaweza kusema kimetoka nchi yoyote yenye jua.

#34 Kipepeo_wa_Gede
Chora vya msitu wetu wa Arabuko-Sokoke! Vipepeo wapo, kule Gede wanakijiji wanafuga viwavi na kuuza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) ng'ambo tangu 1993. Yupo sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye matako ya rangi ya dhahabu. Yupo na yule bundi mdogo wa Sokoke ambaye hapatikani kwingine duniani.

#35 Mwl_Mstaafu
Bundi huyo anapatikana pia Tanzania, chini ya milima ya Usambara. Sange ndiye hasa wa kujivunia, hana kwao kwingine ila vipande vya misitu ya pwani hii.

#36 Mgema_Mstaafu
Bundi juu ya kibuyu? Binti yangu, unataka wateja au unataka kuitwa kutoa mapepo? Kibuyu chenyewe watu wanakiogopa tayari. Mganga anatia dawa zake kwenye vibuyu vidogo vidogo, na ukitundika vile vyako mlangoni kuna mtu atabadilisha njia.

#37 DadaKilua
Ni kweli baba. Kuna mama mmoja alikitaka sana kimoja kidogo chenye asumini, akaniuliza kwanza kama kilikuwa na kitu ndani. Nilimtikisia, akasikia mbegu, akaondoka mbio. Tangu hapo vidogo navikata juu na kuvitia kifuniko, mtu aone ni tupu.

#38 Amu_Mkomani
Hapa kwetu mnunuzi mwenyeji hupenda ua, jani, mnyororo, kama mlangoni na kwenye zidaka. Mnyama akichorwa wengine huona uzito kumuweka ndani ya nyumba. Mgeni ndiye mwenye kutaka kasa na punda. Basi chora pande mbili, huku ua, huku kasa, kila mtu ageuze apendavyo.

#39 KarafuuMaiti
Kama hamtaki viumbe, mbona mitepe na madau yenu yalichorwa macho?

#40 Amu_Mkomani
Jicho si mnyama. Dau lisipoona ndia litapanda mwamba.

#41 Jiwe_la_Kipini
Hodi. Mimi nalima vibuyu kidogo kando ya Tana, nimeona uzi huu leo. Kuhusu madoa meusi: sisi tunaviosha kwa maji yenye Jik (dawa ya kung'arishia nguo) kidogo vikishakauka, kabla ya kuuza, na malalamiko yamepungua. Kuhusu kubanduka, nadhani wote mmesahau upepo. Tunapanda masika ikianza, tunavuna kusi ikiwa bado inavuma, hewa nzito. Anayenunua wakati huo ananunua kibuyu kinachosema kimekauka na hakijakauka. Anayengoja kaskazi ivume, Desemba kwenda mbele, anapata kingine kabisa, kutoka shamba hilo hilo. @DadaKilua ulivyopaka rangi ulivinunua lini?

#42 DadaKilua
Mchanganyiko. Vya Agosti na vya Januari. Na vyote vimebanduka, ingawa sikuviandika tarehe, kwa hiyo sijui kipi ni kipi.

#43 Bara_Pwani
Andika kitakoni kwa kalamu ya waya. Kwa kuwa hiyo haibanduki.

#44 DadaKilua
Nitafanya hivyo. Mpango wangu: vingine nitavitoboa kama alivyosema mwalimu, vingine nitaviparuza kwa kisu butu, vingine nitaviacha na utando wake na kuchoma waya tu, vingine vya kaskazi peke yake. Na nimemwomba mzee anikatie vichache kwa mwezi anaoutaka yeye. @Mgema_Mstaafu ni mwezi mpevu, siyo?

#45 Mgema_Mstaafu
Hapana. Ni ule unaopungua, siku za giza. Mwezi mpevu ndio mbaya kuliko yote.

#46 DadaKilua
Mzee wangu wa Gede anasema mpevu.

#47 Mgema_Mstaafu
Huyo mzee ni wa wapi?

#48 Nahodha_wa_Nchi_Kavu
Uzi umeanza upya. Lete kahawa.

#49 FundiMsasa
@DadaKilua ukikwangua ndani vaa barakoa. Vumbi la kibuyu linakera kifua, hasa lile lenye ukungu. Loweka ndani kwanza, ukwangue kikiwa na maji, vumbi halitapanda.

#50 Jiwe_la_Kipini
Na mimi niulize. Hicho kifuniko mnakikataje bila ganda kupasuka? Vyangu hupasuka kila nikifika nusu.

#51 FundiMsasa
Usianze kwa msumeno. Chora duara kwa penseli, toboa matundu manne kwa msumari moto, kisha unganisha kwa kisu chembamba chenye meno, polepole, ukikilaza kibuyu juu ya mchanga kisigeuke. Kata kwa mshazari ili kifuniko kisidumbukie ndani.

#52 Jiwe_la_Kipini
Shukrani. Nina vya shingo ndefu kama kumi hivi, nani anavitaka? Basi la Malindi linapita kesho.

#53 Bara_Pwani
Ganda lake nene kiasi gani?